Shimo Nyuma ya Ziwa la Tatu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata makali, Kokoto alijaza upepo matairi yake mawili, akayabonyeza kwa kidole gumba kuona kama yamekaza, akapaka cheni mafuta. Kisha alikwenda kwa shangazi yake, fundi wa baiskeli, kuchukua karatasi ya njia.

Karakana ya shangazi ilikuwa chumba kimoja chenye sakafu iliyokolea grisi. Ukutani zilining'inia rimu, tyubu zenye viraka na ramani aliyoichora shangazi mwenyewe. Ilionyesha maziwa manne madogo yaliyojibanza kati ya vilima, na barabara ya changarawe iliyoyazunguka yote, kilomita thelathini na moja. Waendesha baiskeli walitoka mbali kuja kuipita. Lakini kabla yao ilikuwa barabara ya watu wa vijiji vinne, na mpaka leo wagonjwa wao hupelekwa zahanati kwa njia hiyohiyo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Tairi la nyuma umelijaza, au umelipulizia kwa mdomo?"

"Limejaa! Libonyeze uone."

"Haya, nimeamini. Karatasi hii hapa. Usiniletee hadithi, niletee njia."

Karatasi iligawanywa sehemu kumi. Mbele ya kila sehemu Kokoto aliandika alichokiona: mchanga umezidi, mti umeanguka, daraja limelegea. Kama hakuna kilichobadilika, aliandika neno moja tu: vilevile. Chini aliweka tarehe na sahihi. Nakala moja ilibaki karakana, nyingine ilikwenda ofisi ya barabara. Kokoto alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mdogo wa mwili na mgumu kama jina lake la utani, na hakuna kitu alichojivunia kama ile sahihi.

Jumamosi hiyo joto lilikuwa la kukaanga mtu. Alipomaliza sehemu ya sita alimkuta rafiki yake Domo, msichana ambaye mdomo wake haukuwa na siku ya mapumziko, akiogelea na wenzake ufukweni mwa ziwa la pili.

"Kokoto! Njoo, maji yamepoa!"

"Bado sehemu nne. Na ule mlima wa ziwa la tatu bado unaningoja."

"Kwani mlima una miguu? Utahama leo?" Domo alijirusha majini, akaibuka akitema maji. "Andika tu! Nani atakwenda kuuhesabia mawe?"

Wote wakaangua kicheko. Kokoto naye akacheka. Akaegemeza baiskeli kwenye jiwe, akatoa kalamu, akaandika mbele ya sehemu nne zilizobaki: vilevile, vilevile, vilevile, vilevile. Akatia sahihi, kisha akajitosa majini. Wala hakusita kuandika, maana Jumamosi mbili zilizotangulia alikuwa amefanya hivyohivyo. Mara ya kwanza alijiambia ni mvua. Mara ya pili hakujiambia kitu.

Kesho yake, Jumapili, walikusanyika waendeshaji kumi na wawili kuyazunguka maziwa. Shangazi alitangulia, Kokoto akiwa nyuma yake. Mwisho kabisa ilifuata pikapu ya ofisa wa barabara, aliyebeba maji na faili lake. Changarawe ilitoa ule mlio wake wa kusaga chini ya matairi. Walipita ziwa la kwanza, la pili, wakaupanda mlima wa ziwa la tatu, ndimi nje.

"Sasa tunateremka!" shangazi alipaza sauti juu ya kilele. "Mzee wa kazi, njia ikoje huko chini?"

Mzee wa kazi alikuwa Kokoto.

"Iko sawa, Shangazi!" alijibu. Neno lilimtoka jepesi kama pumzi.

Shangazi akaachia breki. Akainama juu ya usukani, akakata kona ya kwanza, akaingia ya pili. Kokoto alimwona mgongo, akaiona kofia yake nyekundu. Shangazi alikuwepo. Halafu hakuwepo.

Hapakuwa na kelele, ila mlio wa chuma kikijigonga, kisha vumbi. Kokoto alibana breki zote mbili mpaka baiskeli ikageuka ubavu. Aliburuzika kwa goti, akasimama hatua tatu kutoka mahali ambapo barabara ilikwisha.

Ndiyo, ilikwisha. Nusu nzima na zaidi ya barabara ilikuwa imeng'atwa. Palikuwa na shimo la kina cha mtu mzima na nusu, kuta zake zimekwanguliwa kwa meno ya katapila.

"Simameni!" Sauti ya shangazi ilitoka chini ya ardhi. "Wasimamishe wote, Kokoto! Wasimamishe!"

Kokoto aliiacha baiskeli ilipoangukia. Akakimbia kurudi konani na mikono juu, kama mtu anayefukuza ndege. Waliokuwa nyuma wakafunga breki, mmoja akamvaa mwenzake, wakaanguka lakini wakabaki juu.

Kutoka shamba la jirani alitokea mama mmoja, mkulima, na kamba ya ng'ombe begani. Hakuuliza swali. Aliifunga kamba kwenye pikapu, akateremka yeye mwenyewe, akamfunga shangazi kiunoni. Wakamvuta. Alipotokeza juu, mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Kokoto aliutazama, akakaa chini kwenye changarawe.

Wakati wanamfunga shangazi mkono kwa kijiti na skafu, lilifika gari la kampuni ya machimbo ya changarawe, iliyokuwa imehamia ng'ambo ya kilima. Akashuka msimamizi wake, viatu vimeng'arishwa kama anakwenda harusini.

"Poleni sana, jamani. Nani kachimba hapa?"

Yule mama alimgeukia. "Unatuuliza sisi? Katapila lenu lilikata barabara siku ile mlipokuwa mnahama! Wiki tatu sasa! Nimekwenda ofisini kwenu, ofisa, mara mbili kwa miguu. Karani akanifungulia faili, akaniambia, mama, karatasi inasema barabara iko vilevile, rudi nyumbani."

Ofisa alishtuka. Alifungua faili, akapekua, akatoa karatasi tatu. Msimamizi akazisoma juu ya bega lake, na tabasamu likamjia polepole.

"Unaona, mkubwa? Sisi tuliondoka wiki tatu zilizopita. Karatasi tatu, za Jumamosi tatu baada ya sisi kuondoka, zote zinasema njia iko nzima. Ya mwisho ni ya jana! Kwa hiyo shimo hili limechimbwa jana jioni au leo alfajiri. Sisi hatumo." Akamwonyesha mama kwa kidevu. "Maneno ya huyu na karatasi yenye sahihi, kipi kina uzito?"

"Karatasi ni karatasi," ofisa alisema kwa shida. "Mama, labda umechanganya siku."

"Mimi? Nimechanganya?" Mama alilinyooshea shimo kidole. Macho yalimjaa maji, si ya huzuni, ya ghadhabu ya mtu anayeitwa mwongo mbele ya shimo.

Kokoto alizitazama zile karatasi tatu. Alidhani neno lake lilikuwa limemdhuru shangazi peke yake. Kumbe lilikwisha kumfukuza mama huyu ofisini mara mbili. Na sasa wenye katapila walikuwa wamelishika mkononi na kujikingia nalo. Domo, aliyekuwa miongoni mwa waendeshaji, alimnong'oneza, "Nyamaza. Watasema limechimbwa jana usiku, yataisha."

Ni kweli, yangeisha. Shimo lingebaki, na barabara ingefungwa.

Kokoto alisimama, goti linavuja damu.

"Sikufika."

"Umesemaje, binti?" ofisa aliuliza.

"Sikufika huku. Jana sikufika, na Jumamosi ya kabla yake, na ya kabla yake. Niliandika nikiwa njiani, na jana nikaenda kuogelea. Sahihi ni yangu lakini sikuona kitu. Mama anasema kweli. Mwongo ni mimi."

Shangazi, aliyekaa nyuma ya pikapu, alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake mwenyewe. Yule msimamizi aliacha kutabasamu.

Ofisa akazikunja zile karatasi tatu, wala hakuzirudisha kwenye faili. Halafu akafanya jambo ambalo angepaswa kulifanya tangu mwanzo: akainama kulitazama shimo lenyewe. Chini kule majani yalikuwa yameota urefu wa shibiri.

"Majani haya hayakuota tangu jana," alisema. Akatoa kalamu. "Mama, nieleze tena. Safari hii naandika."

Katapila lilirudi. Ilichukua siku kumi na mbili kulijaza shimo kwa mawe na kushindilia changarawe juu yake, na kampuni ndiyo iliyofanya kazi hiyo, chini ya macho ya yule mama aliyekuja kila asubuhi na kigoda chake. Kokoto alikwenda kwake kuomba radhi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Nimekusikia," akampa ndoo amsaidie kubeba maji. Hakusema amesamehe. Hilo lilimchukua muda.

Jioni moja shangazi alikuwa karakana, mkono kwenye plasta, akimwelekeza Kokoto jinsi ya kunyoosha rimu iliyopinda.

"Shangazi, umenikasirikia bado?"

"Nimekasirika, ndiyo, na sitakuficha." Aliweka spana mezani. "Unajua barabara ile ilifunguliwa na nani? Mama zetu. Walibeba changarawe kwa ndoo kichwani, siku kumi na tisa, mimi nina umri wako, nawapelekea maji. Tangu hapo wamekuja kuila mara nne. Mara ya kwanza wenye mbao. Kisha wenye hoteli waliotaka ufuko. Kisha hawa wa changarawe, mara mbili. Na kila mara, mwanangu, hawakuja na karatasi ya kwao. Walitumia ya kwetu, iliyoandikwa na mtu wetu aliyechoka, au aliyeogopa, au aliyetaka kuogelea."

Kokoto aliinamisha kichwa.

"Inua kichwa, sikukwambia ujifiche. Ulisema kweli wakati ilipouma, ndiyo maana nakupa tena karatasi. Uvivu wako ulinivunja mkono, na mkono utaunga. Lakini shika hili. Wao wana mashine, wana malori, wana wa kuwasemea. Sisi tuna macho yetu na neno letu. Tukiwapa hata hayo, tutabaki na nini?"