Samedi Saa Tisa Tunashuka Kasenyi

— Imma, futa ile photo mu téléphone yako. Futa yote.

Sauti ya Hilaire ilikuwa ya chini sana, kama ya mtu aliyejifungia chooni. Baadaye nilijua kwamba kweli alikuwa amejifungia chooni.

— Photo gani?

— Ya carte yetu. Iko inatembea mu Bunia muzima.

Nilifungua simu. Kwenye groupe ya kwaya, ya wauza vitenge, hata ya shangazi zangu wa Mahagi, picha ilikuwa ileile: ramani ya kando ya ziwa niliyoichora kwa mkono wangu, mishale mitatu myekundu ikishuka Kasenyi, na maneno haya chini yake: "Samedi saa tisa tunashuka Kasenyi. Kila mutu achague upande wake." Nilikaa juu ya robota ya vitenge hapohapo dukani kwangu.

Acha niwaeleze, maana Hilaire, mchumba wangu, ana akili nyingi ila siku nyingine huwa anaziacha nyumbani. Kwa miaka miwili mimi na yeye tulikuwa tunatengeneza mchezo wa mezani unaoitwa Vita vya Chumvi. Ni wa enzi za mababu, kabla Wazungu hawajafika: kila mchezaji ni chifu, ana mitumbwi, majembe na chumvi, naye lazima apange namna ya kuushika ukingo wote wa ziwa. Mchezo mzuri, lakini nani hapa mjini atakaa saa tatu kujifunza biashara ya chumvi ya zamani, wakati kuna mpira na karata? Pesa ya matangazo hatukuwa nayo. Tulikuwa na forfait, yaani kifurushi cha simu, ya wiki moja, na ukumbi wa paroisse ambao padri alituazima kwa hiyo samedi, yaani Jumamosi saa tisa, watu waje kucheza.

Hilaire alikuwa amesikia mahali kwamba tangazo zuri ni lile linaloficha kitu, watu wapate hamu. Basi Alhamisi alipiga picha ramani yangu, akakata jina la mchezo, akakata mitumbwi, akaacha mishale, akaandika yale maneno chini yake, akaiweka kwenye statut ya simu yake. Mimi hakuniuliza. Jamani, mtu aliyezaliwa Ituri, aliyebebwa mgongoni na mama yake akikimbia vita, anachoraje mshale mwekundu juu ya mji wa watu bila kusema ni mchezo?

Na Kasenyi ndiko aliko mama yangu, Mama Godelive, muuza samaki. Nilimpigia mara sita, hakushika. Ndipo ujumbe ukaingia kutoka kwa Fifi, jirani yake: "Mama yako iko pembeni ya maji na mizigo. Batu banapanda pirogue ya Ouganda. Upepo iko mukali leo."

Nilimpigia Hilaire kabla mtumbwi haujaondoka.

— Mama anataka kupanda pirogue na huu upepo. Tosha audio batu basikie, sema ni muchezo.

Nilisikia komeo la mlango likivutwa.

— Nikisema ni mie, batanikamata. Batanichapa kwanza, njo baniulize.

— Na usiposema?

— Photo zinapita kila siku, Imma. Itapoa yenyewe.

— Basi alors, nitasema ni mie. Carte ni mukono yangu.

Nikakata. Nimempenda mwanaume huyu miaka mitatu, na siku ile kwa mara ya kwanza nilimwonea aibu. Nilikaa na simu mapajani. Niliogopa kwamba hatasema kitu, halafu nikaogopa zaidi kwamba atasema. Nje wenye maduka walikuwa wameanza kufunga, na ilikuwa mchana kweupe.

Dakika kumi zikapita. Halafu audio ikaingia kwenye groupe ya kwaya, na baada ya hapo kwenye zote.

"Ni mie Hilaire, naishi nyuma ya paroisse. Ile carte si ya vita ya leo. Ni muchezo, ya chumvi ya bababu. Mie njo nilikata jina, juu batu bapate hamu ya kuona. Nilikosa. Ba mama ba Kasenyi, nabaomba mushuke mu pirogue. Sasa naenda ku bureau ya quartier. Mwenye kunitafuta atanikuta kule."

Nilipanda pikipiki bila hata kufunga duka. Mlangoni pa ofisi watu walikuwa wamejaa, wengine wakitaja fimbo. Ndani, Hilaire alikuwa amesimama mbele ya chef de quartier, mkuu wa mtaa, Muzee Tharcisse, na askari wawili. Mchezo wetu, aliokuja nao, ulikuwa umefunguliwa mezani.

— Kama ni muchezo, cheza tuone, mzee alisema.

Hilaire alishika mtumbwi mmoja wa mbao, ukamponyoka. Akauokota, ukamponyoka tena. Nilipita katikati ya askari, nikavuta kiti.

— Iko inachezwa na batu babili, muzee. Na mie njo nilichora.

Hilaire alinitazama kama ananiomba nirudi nyumbani. Nilisukuma chumvi yangu ya kwanza. Tukacheza, zamu kwa zamu. Ilipofika zamu ya tano ya Hilaire, askari mrefu aliinama juu ya meza, akataka kujua sababu.

— Juu ya nini hautumi mitumbwi? Njia ya chini iko wazi.

Muzee Tharcisse alimtazama, kisha akaitazama ramani, naye akakaa. Hapo simu yangu ikalia. Mama. Mzee aliamuru niweke sauti kubwa.

— Huyo Hilaire iko hapo?

— Niko, Mama.

— Nilikuwa na muguu moja mu pirogue. Nikasikia mu téléphone ya Fifi hii sauti yako ya kunipigia na kuniamusha kila asubui, nikatosha muguu, nikarudi pembeni.

— Na bale balipanda? Hilaire aliuliza.

— Upepo ulibarudisha. Batu ni bazima. Mizigo njo imebaki mu maji.

Hilaire alifunika uso kwa mikono, akalia mbele ya wote.

— Ulisema samedi saa tisa munashuka Kasenyi.

— Nilisema mubaya, Mama.

— Mutashuka vile ulisema. Weye, baba yako na bazee benu. Utaanzia nyumba ya kwanza ya pembeni ya maji, uombe pardon mulango kwa mulango. Yangu itakuwa ya mwisho. Ukiifikia, njo tutaongea juu ya ndoa ya mutoto wangu.

Muzee Tharcisse aliwatawanya watu wa mlangoni, akamwachia Hilaire, ila mchezo alibaki nao hadi Jumatatu, kwa uchunguzi alisema. Tulipotoka askari mrefu alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Jumamosi saa tisa tulikuwa Kasenyi, pamoja na baba yake Hilaire na wazee wao. Hilaire alibisha milango thelathini na mbili. Kwa mwanamke aliyepoteza mizigo yake alisimama juani muda mrefu akisemwa, na hakujitetea hata kwa neno moja. Tulipofika mlango wa mwisho, Mama alitoka akiwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

— Umemaliza yote?

— Yote, Mama.

— Basi ingia. Ita bazee bakae.

Nilimshika mkono tukivuka kizingiti. Nyuma yetu wazee walikuwa wanavua viatu.