Kompyuta Kubwa na Maua ya Mitufaha

Adroaldo na mkewe Zulmira wanalima matufaha katika milima ya Santa Catarina, kusini mwa Brazili. Mwaka huo mitufaha ilichanua vizuri sana. Lakini ua la tufaha lina adui: baridi kali ya alfajiri. Ua likiganda, hakuna tunda.

Binti yao Elisete alikuwa mtafiti katika chuo kikuu cha umma. Alitunga programu ya kutabiri baridi hiyo. Siku moja alipiga simu nyumbani.

"Baba, jihadharini! Hesabu zimekwisha sasa hivi: Jumanne kuna baridi kali."

Adroaldo akacheka, kisha akashusha pumzi. "Mwanangu, leo Alhamisi. Jumanne imeshapita. Maua ya kule bondeni yote meusi, yamebaki ya shamba la juu tu."

Kompyuta ndogo ya Elisete ilikuwa imekokotoa usiku na mchana, lakini ilichelewa.

Akamwendea Ivonete, mhandisi wa kompyuta chuoni.

"Hesabu zote hizi unazifanyia kwenye hiki kidude?" Ivonete alishangaa. "Masikini, utakiua! Kwa nini hutumii kompyuta kubwa?"

"Ile si ya maprofesa wa fizikia?"

"Nani kakudanganya? Ile ni kompyuta nyingi zilizounganishwa, zinagawana kazi. Imenunuliwa kwa kodi za wananchi. Watafiti wa vyuo vyote vya umma wanaitumia kwa zamu. Wa dawa wamo, wa mafuriko wamo. Eleza kazi yako, uombe zamu. Mimi nitakufundisha kuigawa hesabu vipande vipande."

Elisete aliomba, akapewa. Kazi ya siku nyingi sasa ilikwisha kabla chai haijapoa.

Ijumaa moja akapiga simu tena. "Baba, baridi ni kesho alfajiri! Usiku fungulieni maji ya mabomba ya kunyunyizia, yainyeshee mitufaha."

"Maji kwenye baridi? Wewe mtoto una wazimu?"

"Maji yakiganda hutoa joto kidogo. Yaendelee kumwagika, ua halitaumia. Msifunge mpaka barafu iyeyuke."

Kulipokucha, shamba la juu liling'aa kama kioo. Zulmira alisubiri jua lipande na barafu idondoke. Akapasua ua moja.

"Bichi!" akapiga kelele. "Mume wangu, ni bichi mpaka ndani, si jeusi!"

Wakati wa mavuno, Adroaldo aliwaonjesha wateja sokoni.

"Kula, mama. Haya yameokolewa na kompyuta yangu."

"Yako wewe?" mama mmoja akamcheka.

"Yangu, na yako pia. Kwani wewe hulipi kodi?"