Kanga Tumboni mwa Gitaa

Mwaka 1957 mama yangu, Hilaria, alikuwa akiishi kwa dada yake Grasiana, katika kambi ya shamba la mkonge upande wa Kerenge. Haya ninayoandika aliyaona yeye. La mwisho nililiona mimi.

Jumapili moja kabla ya masika ilianza kama nyingine. Baada ya misa Grasiana alikaa akichambua mchele, na mumewe Bernardo akakaa kizingitini na gitaa lake, akifuta kinasa sauti: kile kijisanduku cha chuma kinachokaa chini ya nyuzi na kupeleka mlio kwenye spika ya klabu ya kambi, alikokuwa akipiga muziki. Chake kiliteleza juu ya fimbo nyembamba ya chuma. Ukikisogeza nyuma, nyuzi zinapofungwa, sauti hutoka kavu na kali. Ukikipeleka mbele, karibu na shingo ya gitaa, hutoka nzito, kama mtu anayesemea kifuani. Mke na mume walibishana juu ya hilo kila wiki.

"Weka mbele, Bena," alisema Grasiana. "Huko nyuma linacheka kama fisi."

"Huko mbele linakoroma kama baba yako akishiba."

"Basi weka katikati, tupatane."

"Katikati ni pa mtu asiyejua anachotaka."

Wakacheka. Kisha Grasiana akakunja kanga yake kuukuu, akaishindilia ndani ya tundu la gitaa. Hiyo ilikuwa kazi yake. Gitaa lenye tumbo tupu likisogea karibu na spika hupiga ukelele, nguo huunyamazisha.

Masika hayo homa ilimchukua Grasiana.

Watu wa kambini walitoka makabila mengi, lakini jambo moja walikubaliana: nguo za marehemu hufungwa bunda, na hakuna anayezigusa mpaka tanga liishe, zifuliwe, zigawiwe. Bi Tatu, jirani yao Mzigua wa Kwedizinga, aliyewaongoza wanawake kumwosha Grasiana, alilifunga bunda hilo kwa mikono yake mwenyewe, na ile kanga ya gitaa ikiwa ndani.

Kabla tanga halijaisha, Bernardo alikwenda klabu mchana, jengo likiwa tupu. Alitaka kumpigia mkewe wimbo mmoja tu. Gitaa likapiga ukelele. Akajaza kipande cha gunia. Akajaza shati lake. Ukelele ule ule. Akarudi nyumbani, akafungua bunda, akachomoa ile kanga.

Mama alimwona akipita nayo kwapani, akamfuata hadi klabu.

Kinasa sauti kilikuwa nyuma kabisa, mahali alipopapenda Bernardo. Akagusa uzi mmoja. Sauti ikatoka nzito. Sauti ya mbele. Akaitazama ile fimbo: kinasa kiko nyuma. Akagusa tena. Nzito zaidi. Akaondoa mkono kwenye nyuzi.

Spika haikunyamaza.

Ilikuwa ikivuta pumzi.

"Bena," ikanong'ona. "Nirudishie nguo yangu. Naona baridi."

Mama alisema hakukimbia kwa sababu ilikuwa sauti ya dada yake, na hakusogea karibu kwa sababu hiyo hiyo.

Tangu hapo Bernardo alikwenda klabu kila mchana. Alikonda. Vidole vyake vikawa baridi kama maji ya mtungi. Mama akamweleza Bi Tatu, naye akamwita Bernardo.

"Shikamoo, mama," Bernardo alisema, bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio hana cha kujifunika huko aliko. Mrudishie."

"Nikiitoa, nitamsikia wapi?"



Siku iliyofuata mama alikwenda tena klabu. Spika ilikuwa haisemi. Kulikuwa na meno yakigongana. Hayo tu. Meno, ndani ya spika, na nje jua linachoma mkonge.

"Shemeji," mama alinong'ona, "huyo ni dada yangu anatetemeka."

Bernardo akalia. Akatia mkono tunduni, akaivuta kanga. Ilitoka imelowa, na katika mikunjo yake mlikuwa na udongo mwekundu.

Wakaifua, wakaianika. Tanga likaisha. Bi Tatu akaifukia kichwani mwa kaburi. Jioni hiyo Bernardo akasogeza kinasa mbele, mahali alipopapenda Grasiana, akagusa uzi. Mlio ukatoka mkavu. Mkali. Kama alivyoutaka siku zote.

Hakupiga tena. Hakuoa tena. Alizeeka kwetu, Handeni, gitaa likining'inia ukutani chumbani mwake. Nilipolipangusa vumbi aliniambia, "Kinasa usikisogeze, mwanangu. Hapo mbele ni pake."

Siku tuliyotoka kumzika, mimi ndiye niliyefungua mlango wa chumba hicho. Ufunguo ulikuwa kwangu tangu asubuhi. Kinasa sauti kilikuwa katikati ya fimbo.

Nikatia mkono tumboni mwa gitaa. Palikuwa patupu. Palikuwa na joto, kama kitanda ambacho watu wawili wametoka kuamka sasa hivi.