Dawa ya Kupe Kwenye Sukuma

Bondeni, chini ya mji wa Litein, kanisa lilikuwa na kipande cha shamba chenye maji. Kina mama walikigawana, kila mmoja na mistari yake ya sukuma wiki. Walikuwa na desturi moja. Mboga yako ikiisha, chuma kwa jirani. Usiulize. Utamwambia baadaye.

Mistari ya Tecla, mama Nelvine, ilipakana na ya Nyanchoka, mke wa fundi wa viatu. Kiangazi cha mwaka 1994 kilikuwa kikali. Wadudu wadogo wa kijivu na viwavi walijaa chini ya majani. Sukuma ya kila mtu ilijikunja na kutoboka. Ya Tecla tu ndiyo iliyosimama, kijani, bila tundu hata moja.

"Mama Nelvine, wewe unawekea hii nini?" Nyanchoka aliuliza.

"Majivu tu."

"Majivu? Na mimi nimemwaga mpaka jiko limebaki tupu!"

"Basi ni mkono wako," Tecla akasema. Wanawake wakacheka.

Majivu gani! Tecla alikuwa akichukua dawa ya kupe ya mumewe Bethwel, ile ya ng'ombe, na kuipiga kwenye sukuma wenzake wakishaondoka. Alijiambia: ng'ombe anapigwa hii dawa na maziwa yake tunakunywa. Itamdhuru mtu namna gani? Haya, kama haidhuru, mbona alificha? Alificha kwa sababu alipenda kusifiwa.

Jumamosi alipiga dawa tena. Jumapili, baada ya ibada, Nyanchoka hakuwa na mboga. Alichuma kwa Tecla, kama desturi, akapika. Alimpakulia kwanza binti yake mdogo, Bitutu, kwa sababu mtoto alikuwa analia njaa.

Haukupita muda, Tecla akasikia kelele kutoka nyumbani kwa Nyanchoka.

"Woi, mtoto wangu! Mama Nelvine, nisaidie!"

Bitutu alikuwa anatapika. Mate yalimtoka, nguo zililowa jasho.  Tecla alimweka mgongoni, akapanda naye mlima mpaka zahanati, Nyanchoka akikimbia nyuma.

Muuguzi, Sista Chepkemboi, alimpokea. "Amekula nini leo?"

"Ugali na sukuma," Nyanchoka akasema. "Nimechuma kwa huyu Mama Nelvine. Hiyo ni safi, sista. Yeye haweki dawa. Anaweka majivu peke yake."

Tecla alihisi uso wake unawaka. Akaangalia sakafu. Akisema, kanisa lote litajua. Ataketi wapi Jumapili? Asiposema, je, mtoto?

"Siku hizi malaria imezidi," sista alisema. "Tuanze na hiyo."

"Sista, ngoja." Sauti ya Tecla ilikuwa ndogo sana. "Si majivu. Ni dawa ya kupe. Nilipiga jana."

"Ya ng'ombe?" Nyanchoka aliuliza.

"Ya ng'ombe."

  Nyanchoka alimpa mgongo, akainama kumpangusa mtoto wake jasho.

"Bora umesema," Sista Chepkemboi alisema, mikono yake tayari inafanya kazi. "Sumu hatuitibu kama malaria. Kimbia, leta hiyo chupa na karatasi yake. Madaktari lazima wajue ni dawa gani."

Tecla alikimbia huku analia, akarudi na chupa. Pikapu ya kiwanda cha chai ikawapeleka hospitali Kericho. Bitutu alilazwa, akatibiwa, akapona.

Siku Bitutu aliporudi nyumbani, Sista Chepkemboi alishuka shambani. Aliwaambia kina mama wote, "Dawa ya ng'ombe inakaa kwenye ngozi, na hata maziwa yake yana siku za kungoja kabla ya kunywa. Jani unalila lenyewe. Kuliosha hakutoshi. Kulipika hakutoshi. Hata dawa ya mboga yenyewe, soma kwanza ni siku ngapi kabla ya kuchuma."

"Na wadudu?" mama mmoja akauliza.

"Ng'oa majani yaliyojaa. Nyunyiza maji ya sabuni chini ya majani asubuhi, na urudie. Ukipiga dawa yoyote, funga kitambaa chekundu kwenye kijiti, na useme. Useme kwa mdomo!"

Tecla alisimama mbele yao. "Niliwadanganya," alisema. "Nilimcheka Nyanchoka, na mwanawe karibu afe."  Aling'oa sukuma yake yote ile nzuri. Hakumpa ng'ombe. Aliizika kwenye shimo refu, mbali na mto, watu wakitazama.

Alipanda upya. Kila asubuhi alikuwa na debe lake la maji ya sabuni. Wadudu walipungua, lakini hawakuisha. Nyanchoka alimsalimia vizuri, ila mboga yake ikiisha alipita mistari ya Tecla na kwenda kuchuma mbali. Tecla aliona, akaendelea kunyunyiza. 

Mvua zilipokuwa zimeshika, Tecla alishuka shambani akakuta mtu ameinama kwenye sukuma yake. Alikuwa Nyanchoka. Hakuwa ameuliza.

"Ina matundu," Tecla alisema, akiona haya.

Nyanchoka aliinua jani moja juu, akalitazama kwa mwanga.

"Nimeona," alisema. "Wadudu wamekula na hawajafa. Basi na Bitutu atakula."