Mahindi Yamekauka, Jibu Liko Wapi?

— Hii imekauka, Beth. Usiniambie bado.

Shivachi alikuwa amesimama katikati ya kishamba cha mahindi nyuma ya nyumba ya kina Beth, pale Gatina, kishamba kilichobanwa na fleti pande tatu. Alifungua maganda ya hindi moja, akang'oa punje, akaiuma. Ngumu kama kokoto. Mtoto wa Lugari, kwa wakulima, hafundishwi mahindi.

— Mama amesema bado, Beth alijibu, macho yakiwa kwa viatu vyake.

— Wiki tatu anasema bado! Na si alisema mahindi ikivunwa ndio wazee wangu waje kubisha hodi? Sasa mimi nishike gani?

— Ngoja tu, babe. Na usimuulize, tafadhali. Ukimuuliza utaharibu kila kitu.

Shivachi alirudi Kibera kichwa kikiwa kizito. Yeye na rafiki yake Nicanor wana karakana ya kuchomelea milango karibu na Olympic, mtaa anaoishi. Alasiri hiyo alichomelea bawaba upande usiofaa, akaikata, akaichomelea tena palepale.

Nicanor alizima mashine.

— Wee, una nini leo?

Shivachi akamweleza yote.

— Bro, hao wamekukataa kwa adabu. Wewe ni Mluhya, si kabila lao, na huna ploti. Mama hawezi kukwambia hapana usoni, anakwambia mahindi.

— Lakini Beth ananipenda.

— Na anasemaje?

— Anasema ningoje.

— Basi hapo hata mimi sielewi.

Jioni Shivachi alishindwa kuvumilia, akaandika: "Niambie ukweli. Mama yako hanitaki?"

Tiki mbili za bluu. Dakika ishirini zikapita.

"Si hivyo."

"Kuna mtu mwingine?"

"Hapana! Nakupenda Shiva. Usichoke kuningoja."

"Sasa nangoja nini?"

Hapo Beth akatoka mtandaoni. Shivachi aliusoma ujumbe wake wa mwisho mara nne, akautafutia kila maana, hakuna iliyoingia akilini. Mtu anakupendaje huku ameshikilia mlango usiingie?

Jumamosi asubuhi manyunyu yakaanza. Shivachi hakumwambia Beth kitu. Alichukua magunia mawili, akaenda Gatina. Alimkuta Mama Beth, Wacera, peke yake shambani, mkono umeshika shina la hindi kama anayemshika mtu bega.

— Mama, samahani nimekuja bila kuitwa. Mvua ikishika, hii itaoza ikisimama.

— Najua, Wacera alisema bila kugeuka. Ni Ndungu alipanda.

Shivachi akayashusha magunia chini. Mzee Ndungu, babake Beth, alizikwa mwezi wa sita.

— Alipanda goti likimuuma, nikimwambia aache. Kila asubuhi nakuja hapa nikisema leo nitavuna. Halafu naona nikivuna, atakuwa ameisha kabisa.

— Pole sana, Mama. Sikujua. Lakini ikioza, hutakula alichokulimia.

Wacera aligeuka. Akajifuta uso kwa leso.

— Lete gunia.

Wakavuna, yeye mstari huu, Shivachi ule. Gunia la pili lilikuwa linafungwa Beth alipotoka nyumbani mbio, akawaona, akaganda.

— Mama, Shivachi alisema, sasa imetoka shambani. Naomba jibu langu.

— Jibu gani?

— Ya wazee wangu kuja. Si ulisema mahindi ivunwe kwanza?

— Mimi? Hindi lilimponyoka Wacera. Mimi sijaambiwa habari ya wazee wowote!

Wote wawili wakamgeukia Beth.

— Nilidanganya, Beth alisema. Sikumwambia Mama. Nilijua hatavuna haraka, ndio nikasingizia mahindi.

— Kumbe ni wewe hunitaki!

— Nakutaka, Shiva! Lakini nikihamia kwako, Mama atabaki na nani? Kila asubuhi namwona kwa dirisha akiongea na hizi mahindi. Ningemwambia vipi kwamba na mimi naenda?

— Si ungeniambia hata mimi?

— Niliogopa ungeenda.

Shivachi aliketi juu ya gunia. Hasira ilimjia, huruma ikamjia, akashindwa aanze na ipi.

— Beth, Wacera alisema polepole, mimi ni mjane, si mtoto mchanga. Unanifichia posa ndani ya nyumba yangu?

— Pole, Mum.

— Usiniambie mimi. Mwambie huyo aliyelowa.

Beth akachuchumaa mbele ya Shivachi kwenye matope.

— Nisamehe. Nilikuchanganya mpaka mimi mwenyewe nikachanganyikiwa.

— Umeniumiza, Beth. Siku zote hizi nilidhani shida ni kabila yangu. Usiwahi kunijibu kwa mdomo wa mtu mwingine tena.

— Sitarudia. Haki ya Mungu.

Shivachi akainuka kwenye gunia. Kisha akampa mkono, akamwinua.

— Na Olympic si Ulaya, Wacera akaongeza, akiokota lile hindi lililomponyoka. Kutoka hapa ni miguu tu. Nitakuja kuwasumbua mpaka mchoke. Waambie wazee waje Jumamosi ya pili ya mwezi ujao.

Wazee walifika wanne kutoka Lugari, na kofia zao. Chai ilipokwisha, mzee wa ukoo wa Ndungu alimwita Beth sebuleni, akaanza kuuliza kama anamjua kijana huyu.

— Namjua, Beth alisema, swali likiwa bado halijaisha. Na mimi ndiye ninayemtaka.