Mkono wa Nasambu

"Kata! Eugene, hii ni mara ya tatu. Mbona unavuta mkono?"

Chepng'etich, dairekta wa televisheni, alikuwa nyuma ya kamera, jasho likimtoka. Walikuwa kwenye nyumba ya kukodi huko Shirere, Kakamega, wakirekodi Jikoni kwa Nasambu. Mchezo huo ulikuwa umesikika redioni kila Alhamisi kwa miaka sita, na wanawake waliepua sufuria mapema ili wausikilize. Mama Khalayi ndiye Nasambu. Eugene, kijana wa Khwisero mwenye sauti nzito kama ya babu, ndiye mumewe. Leo walikuwa wamempaka mvi, na alitakiwa amshike mkewe mkono, amwombe msamaha.

"Ni uzee wangu?" Mama Khalayi aliuliza polepole. "Redioni ulikuwa unaniita ua la moyo. Leo umeona mikunjo, unaniogopa?"

"Hapana, mama. Si hivyo."

"Basi ni nini, mume wangu wa Alhamisi?"

Watu wakacheka. Eugene hakucheka. Alitazama mlangoni, aliposimama Awinja, fundi wa nguo za waigizaji. Ndiye binti wa pekee wa Mama Khalayi.

Jana yake yeye na Awinja walikuwa wameandikiana kwa simu.

"Kesho nitamshikaje mamako?"

"Ni mchezo tu, Eugene."

"Kwetu hakuna mchezo wa hivyo. Mtu hamshiki mama mkwe mkono. Redioni ilikuwa maneno tu, kila mtu na maikrofoni yake. Nikimshika kaunti nzima ikiona, nitakuja kwenu kukuposa na uso gani?"

"Ukikataa watakufukuza kazi."

"Na nikikubali?"

Awinja alikaa na simu mkononi, chai ikapoa. Kisha akaandika: "Utakuwa umenifukuza mimi."

"Eugene!" Chepng'etich aliita. "Kuna watu Nairobi wanaililia nafasi hii. Unashika au unaenda?"

Eugene akavua koti la mzee, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti.

"Dairekta, mwambie huyo mama..."

"Nimwambie mimi? Si yuko hapo mbele yako!"

"Mwambie tu. Mtu hajiposei mwenyewe, na wajomba zangu hawako hapa. Mwambie nimempenda binti yake, mwaka na nusu sasa. Nikimshika mama mkono, nitakuwa nimejifungia mlango wa nyumba yake. Afadhali kazi iende."

Mama Khalayi akamgeukia binti yake.

"Awinja. Ni kweli?"

"Ni kweli, mama."

"Na mimi nimekuwa nikimwita mume wangu mbele yako, wewe unashona tu?"

"Nilikuwa nauma ulimi, mama."

Mama Khalayi akainuka. Akakiburuta kiti chake mpaka pembe ya mbali, karibu na dirisha, akakaa akimpa Eugene mgongo. Akajifunika leso kichwani.

Chepng'etich akashika kiuno. "Haya! Sasa amekasirika. Leo hatumalizi."

"Hajakasirika," Awinja alisema, akilia na kucheka pamoja. "Amekubali. Hivyo ndivyo mama anavyokaa na mkwe wake."

Sauti ikatoka kule pembeni:

"Dairekta, mwambie huyo kijana akae huko huko aliko. Na wajomba zake waje Jumamosi. Wasije Ijumaa, Ijumaa niko sokoni."

"Na Nasambu je, mama? Watu wanakungoja wewe!"

"Mtafutie Nasambu mikono mingine. Miaka sita imenitosha, na mtoto ninaye mmoja. Mimi nipe yule jirani anayesemea ng'ambo ya ua."

"Jirani ana maneno manne tu."

"Nitayasema polepole."

Na aliyasema. Siku mchezo ulipoonyeshwa mara ya kwanza, hotelini pale sokoni Kakamega watu walikuwa wamejaa. Sauti ikapita juu ya ua, mwenyewe haonekani: "Nasambu! Mboga yako inaungua!" Hoteli nzima ikapiga makofi. Sauti hiyo waliijua.

Harusi ilikuwa Desemba. Nje ya kanisa mpiga picha akawapanga, akahangaika.

"Mama wa bibi harusi, sogea kidogo karibu na bwana harusi. Picha haiwatoshi."

Mama Khalayi akakaza leso, hakuinua mguu.

"Rudi nyuma wewe na hiyo kamera," akasema. "Tutaenea wote."