Tundu Kwenye Glavu

Mchana ule duka la supu ya tambi katika soko la Jungang, mjini Daejeon, lilifurika hadi mwenye duka akawa anakalisha wateja popote palipo na upenyo. Noh Daon, aliyevaa koti la sufu la rangi ya maziwa, akajikuta amebanwa uso kwa uso na kijana wa ovaroli ya buluu.

"Samahani dada, wewe si yule wa kwenye sanduku?"

"Na wewe si yule wa mitungi?"

Wakacheka hadi supu ikawapalia. Mwaka mzima Pyo Taegyu alikuwa akileta mitungi ya gesi ya naitrojeni kwenye maabara ya chuo, akimwona Daon mara nyingi kwa mgongo, mikono imezama ndani ya glavu ndefu za mpira zilizofungwa kwenye sanduku la kioo. Humo Daon alikuwa akipaka wino wa kaboni, wa rangi ya zambarau, juu ya plastiki nyembamba, kutengeneza sola ya kukunjika kama kitambaa. Wino ule ukiguswa na hewa kabla ya kufunikwa, umekwisha. Ndiyo maana sanduku lilijazwa naitrojeni tupu.

"Kwa hiyo bila mimi huna kazi," Taegyu akamtania.

"Bila wewe ningelala hadi saa nne. Kula huko!"

Mapenzi yakaanzia hapo. Walipotimiza siku mia moja za mapenzi yao, Taegyu akamvisha pete ya fedha.

"Usiivue, laazizi."

"Hata nikioga?"

"Hata ukinikasirikia."

Daon naye aliomba jambo moja: watu wa maabara wasijue. Wala mama yake kule Jeonju, aliyekuwa akimtafutia mume mwanasheria, asijue. Taegyu alikubali huku akicheka. Akileta mitungi husema, "Habari za kazi, dada Noh," na Daon huitikia bila kugeuza shingo.

Pete ilipaswa kuvuliwa kabla ya kuingiza mikono kwenye sanduku. Sheria ilibandikwa ukutani. Alhamisi moja akasahau.

Kesho yake sola arobaini, kazi ya miezi miwili iliyokuwa bado sandukuni bila kufunikwa, zilipimwa zikatoa umeme wa kubahatisha. Zambarau ya wino ilikuwa imefifia.

"Gesi chafu hii!" Profesa Maeng akafoka. "Nani kaleta mitungi?"

Daon alikuwa ameshaliona tundu kwenye kidole cha glavu, dogo kama la sindano, pale pale pete ilipokaa. Akitaja tundu ataulizwa pete. Akitaja pete ataulizwa ya nani. Jioni akabadilisha glavu, ile mbovu akaisokomeza mkobani.

Baada ya siku mbili Taegyu akapiga simu.

"Mpenzi, wameninyang'anya gari. Nakwangua kutu za mitungi uani. Wewe ulikuwepo. Kweli gesi yangu ilikuwa na kasoro?"

"Sijui, Taegyu. Labda."

"Labda," akarudia polepole, akakata.

Neno hilo lilimtafuna Daon wiki tatu. Alipita mlango wa nyuma asionane na dereva mpya. Alinawa uso bila kujitazama kwenye kioo. Simu za Taegyu aliziacha ziite, hadi zikakoma. Kisha kampuni ya gesi ikaleta majibu ya vipimo: gesi ni safi. Profesa akaitupa karatasi pembeni. "Lazima wajitetee," alisema, na wote wakacheka. Daon akashindwa kucheka.

Jumatatu, mbele ya kikao kizima, akaitandaza ile glavu mezani.

"Gesi haikuwa na kosa, Profesa. Glavu hii nimeitoboa mimi, kwa pete hii. Na aliyenivisha ni Pyo Taegyu, yule wa mitungi."

Profesa akavua miwani. "Wiki tatu umeniacha nimchafue mtu wa watu?"

"Ndiyo."

"Barua ya kumwomba radhi nitaiandika mimi. Utaipeleka wewe. Na mkutano wa wanasayansi kule Busan huendi."

Aliwakuta wafanyakazi wa kampuni ya gesi uani, chini ya paa la bati, wanakula chakula cha mchana. Taegyu, vidole vyekundu kwa kutu, alisoma barua, akaikunja.

"Gesi ilipopimwa tu, nilijua ni wewe."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba mchumba wangu ananionea haya?"

Wenzake wakaacha kutafuna. Daon akahisi masikio yanawaka moto.

"Glavu ningekusamehe siku ile ile," Taegyu akaendelea. "Lakini ulinificha, Daon. Mamako anajua nipo duniani?"

Daon akatoa simu, akaweka spika.

"Mama, nina mchumba. Anaitwa Taegyu, anapeleka mitungi ya gesi. Nimemponza kazini kwa woga wangu. Niko mbele yake sasa hivi, naona aibu hata kumtazama."

Upande wa pili yalisikika maji ya bomba, kisha bomba likafungwa.

"Mimi na wewe tutaongea, Daon," mama akasema kwa sauti kavu. "Huyo kijana amekula?"

Taegyu akasimama wima kana kwamba anaonekana. "Sijamaliza, mama."

"Basi mwache ale. Nawe kaa chini, usimsimamie mwenzio kichwani."

Taegyu akasogea kwenye benchi, si sana, nafasi ya mtu mwembamba. Hakumwita laazizi. Alimsukumia bakuli la wali, na Daon, machozi yakidondokea koti lake zuri, akaanza kula.